Nilivyojifunza kusoma faili za tovuti kabla ya kuzigusa

Mtu akinipigia kusema tovuti yake imegoma, swali lake huwa ni lilelile: "Nihariri faili gani?" Namwomba asihariri kitu. Aingie kwenye paneli, ule ukurasa wa kusimamia akaunti ya tovuti, afungue kidhibiti faili, kisha anisomee anachokiona. Wapo wanaokereka, wakidhani nawazungusha. Lakini katika kazi hii ya kutunza tovuti za watu, matatizo mengi niliyoyatatua yaliisha kwa kuangalia, kubadili jina la kitu kimoja na kutoka. Msimbo wenyewe huwa naugusa mara chache mno.

Wenzangu walio kwenye timu kubwa hutumia SSH na Git, zana za kuiamuru seva kwa maandishi na kufuatilia matoleo ya msimbo, na huniuliza kwa nini nang'ang'ania paneli. Jibu ni kwamba wateja wangu hawana kitu kingine. Wana walichopewa siku waliponunua nafasi ya tovuti: anwani, jina la mtumiaji na nenosiri. Mara nyingi ni cPanel, programu iliyoanza mwaka 1996, na ambayo anwani yake huishia na namba 2083. Wengine wana Plesk kwenye 8443, au DirectAdmin kwenye 2222. Sura zinatofautiana, ila ukizoea moja hupotei kwenye nyingine. Uzuri wake ni kwamba unahitaji kivinjari tu, basi. Ubaya wake unatokana na urahisi huohuo: unachokifungua humo ndiyo tovuti yenyewe, ile inayosomwa na watu dakika hiyo. Ukishabofya hifadhi, mgeni anayefungua ukurasa sekunde inayofuata anakutana na ulichoandika, makosa yake yakiwemo.

Ukiingia unatua kwenye folda ya nyumbani ya akaunti. Humo mna vitu visivyohusiana na kurasa kabisa: `mail` inabeba barua pepe, `ssl` vyeti, halafu kuna `logs`, `tmp` na wenzake. Tovuti imo ndani ya `public_html`. Pembeni utaona `www`, ambayo huwashangaza wageni kwa kuwa ndani yake mna vitu vilevile. Hiyo ni njia ya mkato inayoelekea `public_html`, si nakala ya pili. Nimeshaombwa na mtu nimsaidie "kufuta ile nyingine inayojaza nafasi bure", na ilibidi nimsimamishe haraka, maana faili utakayoifuta ndani ya `www` imefutika kotekote.

Mkanganyiko mkubwa zaidi huja akaunti moja inapobeba vikoa kadhaa. Bwana mmoja alilalamika kuwa amebadilisha namba ya simu ndani ya `footer.php`, ile inayotengeneza sehemu ya chini ya kila ukurasa, amehifadhi, na namba ya zamani bado inaonekana. Alikuwa ameshafuta historia ya kivinjari, ameazima simu ya mwenzake, ameizima na kuiwasha ruta. Nikamwambia: hapohapo ulipo, kwenye folda ya juu ya hiyo tovuti, tengeneza faili mpya uiite `jaribu.txt`, andika neno lolote, hifadhi, kisha fungua kikoa chako ukiongeza mkwaju (/) na `jaribu.txt`. Ikaja 404, yaani faili haipo. Hapo tukajua kuwa folda ile haina uhusiano na kikoa chake. Tukaenda kwenye sehemu ya vikoa ya paneli, ambako kila kikoa kimeandikiwa folda yake, tukakuta chake kimeelekezwa kwingine kabisa. Alichokuwa anahariri kwa bidii zote zile ni mabaki ya tovuti ya zamani yaliyoachwa na aliyeitengeneza.

Jaribio hilo ndilo la kwanza kwangu kila ninapoingia kwenye akaunti nisiyoijua. Neno likionekana, niko mahali sahihi, na kama mabadiliko bado hayajitokezi basi ni kache, yaani nakala ya muda iliyohifadhiwa: ya kivinjari, ya programu-jalizi (kiongezeo cha tovuti), ya seva kama ni LiteSpeed, au ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva, kama kikoa kinapitia huko. Hizo hufutwa moja moja, kila moja mahali pake. Neno lisipoonekana, hakuna haja ya kugusa kache hata moja. Na `jaribu.txt` naifuta nikimaliza.

Kuna jambo lingine linalowapotezea watu saa nyingi. Mtu anataka kusahihisha sentensi kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi", anaingia kwenye kidhibiti faili, anatafuta folda baada ya folda, haioni. Kama tovuti inaendeshwa na programu kama WordPress, Joomla au Drupal, hataiona. Maandishi ya kurasa yamo kwenye hifadhidata. Faili zinabeba programu, mandhari (sura ya tovuti), picha na mipangilio. Sentensi hiyo inasahihishwa kwenye dashibodi ya tovuti yenyewe, na kidhibiti faili hakina kazi hapo. Ni kwenye tovuti za HTML tupu, zile za mtindo wa zamani, ndipo ukurasa na faili huwa kitu kimoja. Nimekutana na watu waliokaribia kulipia tovuti mpya kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hivyo.

Faili zinazoanza na nukta paneli huzificha. Kwenye cPanel unabofya mipangilio, kule juu kulia, unaweka alama ya kuonyesha faili zilizofichwa, na ghafla inatokea `.htaccess`, faili fupi ya maagizo kwa seva, yenye nguvu kuliko zote humo. Seva ya Apache huisoma upya kila ombi linapoingia. Ndiyo maana mabadiliko yake yanafanya kazi papo hapo bila kuwasha upya chochote, na ndiyo maana neno moja lililokosewa ndani yake linaangusha tovuti nzima na kuleta kosa la 500, hata picha hazifunguki. Tovuti ikitoa 500 kila mahali, naibadilisha jina `.htaccess` kwanza, iwe `.htaccess-zamani`, kisha nafungua ukurasa wa mwanzo. Ukurasa ukirudi, nimempata mhalifu kabla sijasoma mstari hata mmoja. Kwenye WordPress utaona mistari kati ya `# BEGIN WordPress` na `# END WordPress`. Usiandike kitu chako humo katikati, maana WordPress huandika upya eneo hilo inapotaka, na chako kitayeyuka. Andika juu yake. Na kama seva ni Nginx peke yake, jua kuwa `.htaccess` haisomwi kabisa. Utahariri mpaka kuche.

Inayofanana nayo ni `.user.ini`, inayopandisha kiwango cha kumbukumbu ya PHP, lugha ya msimbo inayoendesha tovuti hizi, au ukubwa wa faili za kupakia. Hii nayo ina tabia yake. PHP huikumbuka kwa muda, kwa kawaida sekunde 300, kabla ya kuisoma tena. Kwa hiyo mtu anabadilisha, anaangalia, hakuna kitu, anabadilisha tena kwa njia nyingine, anaangalia, anaongeza mstari wa tatu, halafu dakika tano zikitimia vyote vinaingia kwa pamoja na hajui kipi kilichofanya kazi. Mimi nikishahifadhi hiyo naondoka kwenye kiti.

Sasa nije kwenye ile hali inayoniletea simu nyingi: programu-jalizi imesasishwa, tovuti imekuwa nyeupe tupu au inasema kuna hitilafu kubwa. Mama mmoja mwenye duka la mtandaoni alinipigia katika hali hiyo, tayari amepata ushauri wa kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Nikamwomba asubiri. Ndani ya `public_html` kulikuwa na faili iitwayo `error_log`, daftari la makosa ya tovuti. Hiyo ndiyo ninayoitafuta kabla ya nyingine zote, na kama shida iko upande wa dashibodi, hutokea nyingine yake ndani ya `wp-admin`. Naifungua kwa kuiangalia tu, nashuka mpaka chini kabisa, kwa kuwa mambo mapya huandikwa mwishoni. Ikiwa imenenepa mno hadi kivinjari kinakwama, naipakua.

Taarifa ya mwisho kwenye daftari hilo hubeba habari nne: saa, aina ya kosa, njia kamili ya faili iliyoleta kosa, na namba ya mstari. Inayonifaa zaidi ni njia. Ya kwake ilipita `wp-content`, ikapita `plugins`, halafu jina la folda ya programu-jalizi ya kukokotoa gharama za usafirishaji. Sikuhitaji kujua mstari ule unasema nini. Nilikwenda kwenye folda hiyo nikaibadilisha jina kwa kuongeza `-zima` mwishoni. WordPress hukagua kama faili ya programu-jalizi ipo kabla ya kuiita. Isipoikuta, inaendelea na mengine. Duka likafunguka. Mipangilio yake yote ya usafirishaji haikuguswa, kwani imo kwenye hifadhidata, na siku iliyofuata waundaji walipotoa toleo la marekebisho tuliiweka na kuiwasha kama kawaida.

Kuhusu namba ya mstari, PHP hutaja mahali ilipogundua kosa, si lazima pale kosa lilipo. Ukikosa nukta mkato kwenye mstari wa 41, utaambiwa wa 42 una shida. Utautazama wa 42 mpaka macho yaume, na uko sawa kabisa. Panda mstari mmoja juu.

Ikibidi kuhariri kweli, natoa nakala ya faili kwanza. Hilo kila mtu anashauri. Ambalo wachache hulisema ni mahali pa kuiweka nakala hiyo na jina la kuipa, na mimi nalikazia kuliko yote kwa sababu ya nilichokikuta kwenye tovuti ya ofisi moja. Ndani ya `public_html` kulikuwa na `wp-config.php`, faili ya mipangilio ya WordPress, na kando yake `wp-config.php.bak`, iliyowekwa na fundi aliyekuwa makini, wa kutoa nakala kabla ya kuhariri. Nikaandika anwani ya tovuti, mkwaju, na jina la hiyo nakala. Kivinjari kikanionyesha jina la hifadhidata, jina la mtumiaji wake na nenosiri lake, vyote wazi, maandishi meusi kwenye ukurasa mweupe. Seva ikiona faili inayoishia na `.php`, huipeleka kwa PHP iitekeleze, na msomaji haoni ndani yake. Ikiona `.bak`, `.old` au `.txt`, haina habari ya PHP. Inamkabidhi anayeomba jinsi ilivyo. Na wapo wanaoomba: roboti huzunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu majina hayohayo kwenye kila kikoa. Tulibadilisha nenosiri la hifadhidata siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nakala zangu hukaa juu ya `public_html`, kwenye folda ya nyumbani ambako hakuna anwani ya mtandaoni inayofika. Naitengenezea folda yake, kila nakala na tarehe kwenye jina. Hali kadhalika zile zipu za tovuti nzima ambazo watu hutengeneza kabla ya kuhama na kuzisahau humohumo: `bekapu.zip` ndani ya `public_html` ni tovuti yako yote, mipangilio ikiwemo, inayomsubiri yeyote atakayelibahatisha jina.

Kihariri chenyewe cha paneli si kibaya. Kile cha msimbo kina rangi na namba za mistari, na nakitumia badala ya kile cha kawaida. Kabla ya kufungua, cPanel hukuuliza usimbaji wa herufi. UTF-8 ndiyo jibu karibu kila mara, na ukichagua nyingine kwenye faili yenye herufi za kigeni utaziona zimegeuka alama zisizosomeka baada ya kuhifadhi. Nachelea zaidi kile kinachobandikwa kutoka nje. Mtu hutumiwa kipande cha msimbo kwenye WhatsApp au kwenye waraka wa Word, anakinakili, anakibandika. Alama za kunukuu zimeshapinda njiani, na PHP haizitambui zilizopinda. Kwa jicho la kawaida zinafanana na zile nyoofu. Nikiona kosa la sintaksia kwenye kipande ambacho mtu anaapa kuwa "kilifanya kazi kwa rafiki yangu", nazifuta alama zote za kunukuu na kuziandika upya kwa kibodi kabla ya kuuliza lingine.

Hali ngumu zaidi kuiona ni ya nafasi au mstari mtupu kabla ya `<?php`, alama inayofungua msimbo wa PHP. Kilicho nje ya alama hiyo ni maandishi ya kawaida, hutumwa kwa msomaji hapohapo, na vichwa vya jibu (taarifa zinazotangulia ukurasa) vikishatumwa PHP haiwezi tena kuweka kidakuzi wala kumwelekeza mtu kwingine. Daftari la makosa litasema kuwa vichwa vimeshatumwa, na litataja faili na mstari yalikoanzia. Ikitaja mstari wa 1 na mstari wa 1 unaonekana safi, huenda kuna alama isiyoonekana iliyowekwa mwanzoni na programu ya kuandikia. Hiyo hutoka kwa kuihifadhi faili upya kama UTF-8 isiyo na alama hiyo, kwa kihariri cha nje kinachoruhusu kuchagua.

Simu natumia nikiwa sina budi, na kwa kuangalia tu. Kibodi ya simu inakuza herufi ya kwanza bila kuombwa, inasahihisha maneno ambayo si maneno, na kikao cha paneli hukatika ukiwa bado unatafuta mabano. Hata kwenye kompyuta kikao hukatika. Kabla ya kuhifadhi badiliko refu nachagua yote na kunakili, ili nikirudishwa kwenye ukurasa wa kuingia niwe bado ninayo. Tovuti yenyewe huwa nimeifungua kwenye dirisha la faragha pembeni, naangalia baada ya kila badiliko, moja kwa wakati.

Ruhusa za faili, yaani nani anaweza kufanya nini, sitazirefusha. Ni namba tatu, kila moja jumla ya kusoma 4, kuandika 2 na kutekeleza 1, kwa mwenye faili, kikundi chake na wengine wote. Faili 644, folda 755, na `wp-config.php` unaweza kuibana hadi 600 kwenye seva nyingi. Ushauri wa "weka 777" uliozagaa kila mahali una maana ya kumruhusu yeyote aliye kwenye seva hiyo kuandika ndani ya folda yako, na kwenye seva ambazo PHP inaendeshwa kwa jina la mwenye akaunti hauhitajiki kabisa. Nyingine hukataa kuendesha faili yenye ruhusa hizo na kutoa 500, jambo ambalo naona ni la busara.

Kuna faili ambazo sizigusi hata nikiombwa: zilizo ndani ya `wp-admin` na `wp-includes`, na za mandhari kuu iliyotoka kwa muundaji mwingine. Sasisho lijalo litaandika juu yake. Mteja akitaka badiliko la kudumu kwenye mandhari, tunatengeneza mandhari mtoto, folda ya pembeni inayorithi mandhari kuu, na kuweka badiliko humo.

Tovuti ikiwa imevamiwa, kuangalia ndiyo kazi yote. Napanga faili kwa tarehe ya kubadilishwa na kutazama zilizoguswa siku ambazo mwenye tovuti hakufanya kitu, nikijua kuwa mvamizi hodari anaweza kughushi tarehe. Naingia `wp-content/uploads`, ambako hukaa picha na nyaraka, kutafuta faili za `.php`, maana folda hiyo kwa kawaida haina sababu ya kuwa nazo. Nafungua `index.php` ya mwanzo. Ya WordPress ni fupi sana: maelezo machache, mstari unaowasha mandhari, na mwingine unaoita `wp-blog-header.php`. Nikikuta juu yake mstari mmoja mrefu usio na mwisho, wenye `eval` na `base64_decode` na utitiri wa herufi zisizosomeka, sihangaiki kuuchomoa huo mmoja, kwa kuwa wenzake huwa wamejificha penginepo. Naondoa `wp-admin` na `wp-includes` nzima na kuweka mpya za toleo lilelile, natupa programu-jalizi zote na kuzipakua upya kutoka kwenye chanzo chake, na maneno yote ya siri hubadilishwa, la paneli likiwa la kwanza.

Watu hujipa moyo kwamba kuna kikapu cha taka. Kipo: kwenye cPanel ni folda iliyofichwa iitwayo `.trash`, na ulichokifuta unaweza kukirudisha mahali pake, isipokuwa kama uliweka alama ya kufuta moja kwa moja. Lakini kinapokea vilivyofutwa tu. Faili uliyoihariri na kuihifadhi vibaya haijafutwa, imeandikwa juu, na maandishi ya zamani hayako humo. Na vilivyomo ndani yake bado vinahesabiwa kwenye nafasi ya diski uliyolipia, kwa hiyo akaunti ikisema imejaa wakati umeshafuta zipu zote kubwa, kamwage hicho kikapu kwanza kabla ya kununua nafasi zaidi.